Favre au Rodgers: makwotabeki wawili wa Packers na Jets, uanze na nani?

Anayeanza kufuatilia futiboli ya Kimarekani ukubwani hupata tabu ambayo aliyekulia ndani yake haijui: hajui ashike wapi. Ligi ya NFL ina timu 32, kila kikosi kina wachezaji zaidi ya hamsini, na kanuni zake humchosha hata mwenyeji. Ushauri ninaoutoa siku zote ni kwamba usianze na timu, anza na mtu. Chagua kwotabeki mmoja, mfuate tangu siku aliyoingia uwanjani akiwa hajulikani hadi siku walipomchoka, na mchezo wenyewe utaujua ukiwa njiani naye.

Kwotabeki ndiye anayepokea mpira kila shambulizi linapoanza. Ndani ya sekunde tatu hivi lazima aamue: arushe pasi, amkabidhi mwenzake, au akimbie nao mwenyewe. Akichelewa anaangushwa chini. Akikosea, mpinzani ananasa pasi na mpira unahama mikono. Hakuna nafasi nyingine katika mchezo huo inayoonyesha tabia ya mtu waziwazi kama hiyo.

Nikiulizwa jina, huwa nataja mawili, Brett Favre na Aaron Rodgers, kisha namwachia mtu achague. Nawaweka pamoja kwa sababu wamepita njia moja. Wote walikuwa Green Bay Packers kwa zaidi ya miaka kumi na mitano. Wote walitwaa Super Bowl, yaani fainali kuu ya ligi, moja moja. Wote walisukumwa nje kwa ajili ya kijana aliyekuwa akisugua benchi nyuma yao, na wote wakapelekwa New York Jets wakiwa wanagonga miaka arobaini. Watu wawili wakivaa jezi zilezile mbili, tena kwa mfuatano uleule, tofauti nyingi unazoziona ni za watu wenyewe.

Ni kweli kwamba jezi hizo mbili si zote walizovaa. Favre alianzia Atlanta Falcons na akamalizia Minnesota Vikings, naye Rodgers alijiunga na Pittsburgh Steelers mwaka 2025. Kama unataka wachezaji waliovaa jezi mbili tu, tena zilezile, wapo Tom Brady na Rob Gronkowski: New England Patriots, halafu Tampa Bay Buccaneers, basi. Tarehe 7 Februari 2021 Brady alimrushia Gronkowski pasi mbili za tachidauni, yaani zilizofikisha mpira hadi eneo la mwisho la mpinzani na kuleta pointi, katika Super Bowl, Tampa Bay wakawafunga Kansas City Chiefs 31–9. Lakini mmoja anarusha na mwingine anadaka. Kuwashindanisha ni kama kushindanisha kinu na mchi.

Tuanze na hesabu, za msimu wa kawaida peke yake, mechi za mtoano hazimo:

| | Favre | Rodgers |
|---|---|---|
| Miaka Packers | 1992–2007 | 2005–2022 |
| Mechi alizoanza Packers | 253 | 223 |
| Alizoshinda | 160 | 147 |
| Yadi za pasi | 61,655 | 59,055 |
| Pasi za tachidauni | 442 | 475 |
| Pasi zilizonaswa | 286 | 105 |
| Tuzo ya Mchezaji Bora wa Ligi | 3 | 4 |
| Tachidauni akiwa Jets | 22 | 28 |
| Zilizonaswa akiwa Jets | 22 | 11 |

Ukitazama jedwali hilo kwa makini utaona kwamba mistari karibu yote inafanana, ila mmoja tu: pasi zilizonaswa. Favre akiwa Packers alinaswa mara moja katika kila pasi 31 hivi. Rodgers, mara moja katika kila pasi 73. Kwa maoni yangu uchaguzi wote kati yao umo katika mstari huo, na yanayofuata hapa ni kueleza maana yake.

Favre, na ujasiri wenye gharama

Mwaka 1991 Ron Wolf alikuwa akifanya kazi na Jets katika kusaka wachezaji, na alimtaka Favre kwa udi na uvumba. Katika drafti, yaani zamu ambazo timu huteua vijana wanaotoka vyuoni, Jets walikuwa na nafasi ya 34. Falcons wenye nafasi ya 33 wakamchukua. Huko Atlanta kijana hakupata lolote: pasi nne msimu mzima, hakuna hata moja iliyomfikia mwenzake, na mbili zikanaswa. Mwishoni mwa mwaka uleule Wolf akahamia Green Bay kuwa meneja mkuu, na Februari 1992 akatoa nafasi ya raundi ya kwanza ili ampate mtu wa pasi nne. Mashabiki wengi hawakumwelewa.

Wakaja kumwelewa tarehe 20 Septemba 1992. Kwotabeki wa Packers, Don Majkowski, aliumia kifundo cha mguu dhidi ya Cincinnati Bengals, Favre akaingia. Zikiwa zimebaki sekunde 13, akamrushia Kitrick Taylor pasi ya yadi 35, Packers wakashinda 24–23. Wiki iliyofuata alianza yeye, na tangu hapo hakukosa kuanza mechi hata moja hadi Desemba 2010, akiwa ameshapita timu mbili nyingine. Mechi 297 mfululizo, katika mchezo ambao kazi ya wapinzani ni kukuangusha chini. Alicheza na kidole gumba kilichovunjika, alicheza na vifundo vilivyovimba. Kwangu hiyo ndiyo rekodi yake kubwa kuliko zote, na sioni wa kuifikia.

Alikuwa Mchezaji Bora wa Ligi misimu mitatu mfululizo, 1995, 1996 na 1997, wa tatu akigawana tuzo na Barry Sanders. Hakuna mwingine aliyeitwaa mara tatu kwa mfuatano. Super Bowl yake ilikuja 26 Januari 1997 jijini New Orleans, Packers 35, Patriots 21. Shambulizi la pili tu la Packers, akabadilisha mpango pale mstarini alipoona ulinzi ulivyokaa, akamrushia Andre Rison yadi 54 hadi mwisho. Halafu Antonio Freeman, yadi 81. Lakini kikosi kile hakikuwa mtu mmoja. Msimu ule Packers waliongoza ligi kwa kufunga pointi nyingi, na waliongoza pia kwa kuruhusu chache, na ukutani alikuwepo Reggie White. Nalisema hili kwa sababu tutalihitaji tukifika kwa Rodgers.

Namna ya Favre ilikuwa kurusha mpira akiwa anaanguka, akiwa ameshikwa, akikimbilia upande ambao mkono wake haukubali, katikati ya walinzi watatu. Mara nyingi mpira ulifika, kwa kuwa mkono ule ulikuwa na nguvu isiyo ya kawaida. Mara nyingi pia haukufika. Amestaafu akiwa na pasi 336 zilizonaswa katika misimu 20, nyingi kuliko mtu yeyote katika historia ya ligi. Ukiketi kumwangalia, moyo wako hautulii. Sifa na lawama zake zote zinatoka kwenye chanzo hicho kimoja, wala huwezi kuchukua moja ukaacha nyingine.

Pasi yake ya mwisho akiwa Packers inaonyesha hivyo. Januari 2008, fainali ya kanda, ile inayoamua nani aende Super Bowl, dhidi ya New York Giants, baridi kali Green Bay, muda wa nyongeza. Akarusha, Corey Webster wa Giants akainasa, Giants wakapiga teke la pointi tatu na kushinda 23–20. Machi akatangaza kutundika daluga huku akitokwa na machozi. Majira ya kiangazi akabadili mawazo. Packers walikuwa wameshaamua.

Rodgers, aliyekaa akitazama

Waliyekuwa wameamua kumpa nafasi ni Rodgers. Alitoka Chico, California, kwenye chuo kidogo cha jamii, kisha Chuo Kikuu cha California pale Berkeley. Mwaka 2005 alitarajiwa kuchaguliwa mapema sana, labda wa kwanza, na timu aliyoipenda tangu utotoni, San Francisco 49ers. Wakamchagua Alex Smith. Rodgers akaketi saa kadhaa ukumbini huku kamera zikimwandama usoni, hadi Packers wakamwita wa 24. Halafu akaketi tena, miaka mitatu, nyuma ya mtu asiyekosa mechi.

Naamini miaka hiyo mitatu ndiyo iliyomtengeneza. Kila Jumapili alikaa pembeni akiona yote mawili, kile ambacho mkono hodari unaweza kuipa timu na kile ambacho mkono huohuo unaweza kuinyang'anya. Alipoingia mwaka 2008 timu ilifanya vibaya, ushindi 6 na vipigo 10, lakini yeye alirusha tachidauni 28 na kunaswa 13. Tangu hapo hakunaswa tena mara nyingi hivyo katika msimu wowote wa Packers.

Msimu wa 2010 Packers waliingia kwenye mtoano kama timu ya sita ya kanda yao, nafasi ya mwisho kabisa. Wakashinda ugenini Philadelphia, wakaenda Atlanta wakashinda 48–21, wakaenda Chicago kwa watani wao wa jadi wakashinda 21–14. Tarehe 6 Februari 2011 huko Arlington, Texas, wakawafunga Pittsburgh Steelers 31–25. Rodgers alikuwa mchezaji bora wa fainali: yadi 304, tachidauni tatu, hakunaswa hata mara moja.

Msimu uliofuata ndio ninaowaambia wanafunzi wa mchezo huu wautazame wote wakipata nafasi. Packers walishinda 15 na kupoteza 1. Rodgers alirusha tachidauni 45 na kunaswa mara 6 tu. Na ulinzi wa Packers mwaka huo uliruhusu yadi nyingi kuliko timu yoyote ya ligi. Kwa hiyo wakati Favre wa 1996 alikuwa na ukuta wa kumfichia makosa, Rodgers wa 2011 alikuwa akijaza mtungi unaovuja. Giants wakaja Green Bay kwenye mtoano wakaupasua kabisa, 37–20.

Kuna hila moja ya Rodgers inayofaa kuelezwa, kwa sababu ukishaielewa utaiona kila mara. Kabla mpira haujaanza, kwotabeki hupaza sauti kwa mdundo, na wenzake wanajua ni neno lipi litakaloanzisha shambulizi. Wapinzani hawajui. Rodgers alikuwa akibadilisha sauti ghafla, akipandisha na kukata, hadi mlinzi wa upande wa pili anashindwa kujizuia na kuvuka mstari kabla ya wakati. Kosa limeshatokea, ila shambulizi linaendelea. Hapo kwotabeki anajua kwamba lolote baya likitokea litafutwa na jema litahesabiwa, basi anarusha mbali kabisa. Favre alirusha mbali bila bima. Rodgers alitafuta bima kwanza, halafu akarusha mbali kuliko Favre.

Usidhani basi kwamba alikuwa mwoga. Tarehe 3 Desemba 2015 huko Detroit muda wa mechi ulikwisha Packers wakiwa nyuma, lakini mlinzi wa Lions alikuwa ameadhibiwa kwa kushika kizuizi cha uso cha kofia ya Rodgers, wakapewa shambulizi moja la ziada. Rodgers akakimbia huku na huku, kisha akarusha mpira juu sana, karibu uguse paa, yadi 61. Akaudaka Richard Rodgers, ambaye hawana undugu. 27–23. Nimeirudia pasi hiyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na bado naona kama haitafika.

Dosari yake ni fainali za kanda. Baada ya ile ya Chicago alifika nyingine nne akashindwa zote: Seattle, Atlanta, San Francisco, na Tampa Bay ya Brady. Na mwili wake haukuwa wa chuma kama wa Favre. Mfupa wa mtulinga ulimvunjika mwaka 2013, ukavunjika tena 2017, na mara zote mbili msimu wa timu uliyumba.

Kwa miaka ya Green Bay, basi, namchagua Rodgers, wala sisiti. Kuna hoja ya haki upande wa Favre: tangu 2004 ligi ilianza kusimamia kwa ukali zaidi kanuni za walinzi kuwashika wapokeaji, na makwotabeki nao wakazidi kulindwa, hivyo takwimu za wote zikapanda. Hoja hiyo naikubali. Haitoshi kuziba pengo la 286 na 105. Kila pasi iliyonaswa ni shambulizi ambalo wenzako kumi hawakupata nafasi ya kulimaliza.

New Jersey, ambako mizani inabadilika

Jets wana jina la New York lakini uwanja wao uko ng'ambo ya Mto Hudson, East Rutherford, New Jersey. Super Bowl wana moja tu, ya Januari 1969, walipoongozwa na Joe Namath kuwafunga Baltimore Colts 16–7 huku karibu kila mtu akiwadharau. Green Bay ni mji wa watu laki moja hivi, timu inamilikiwa na wanahisa ambao ni mashabiki wake, na subira ni sehemu ya desturi. Jets ni timu ya jiji lenye magazeti yanayotaka damu kila Jumatatu. Mwenye miaka karibu arobaini akihamia pale anakuta hakuna wa kumsubiri.

Favre alifika Agosti 2008, miaka 17 baada ya Jets kumkosa kwa nafasi moja. Bei yake haikuwa kubwa: mwishowe ilikuwa nafasi moja ya raundi ya tatu. Ili kumpisha, Jets walimwacha Chad Pennington, akaenda Miami Dolphins. Shika jina hilo.

Kwa wiki kumi na mbili ilikuwa raha. Tarehe 28 Septemba alirusha tachidauni sita dhidi ya Arizona Cardinals, 56–35. Novemba waliwashinda Patriots kwa muda wa nyongeza, 34–31, na siku kumi baadaye wakaenda Tennessee kwa Titans waliokuwa hawajafungwa mechi kumi, wakawafunga 34–13. Ushindi 8, vipigo 3. New York ilianza kuota. Kisha mkono wa kulia ukaisha. Baadaye ikajulikana kwamba msuli wa mbele wa mkono ulikuwa umeumia. Katika mechi tano za mwisho alirusha tachidauni mbili na kunaswa mara tisa. Walishinda moja tu, wakakosa mtoano, na kocha Eric Mangini akafukuzwa.

Rodgers alifika Aprili 2023 kwa bei iliyokuwa nzito zaidi: nafasi mbili za raundi ya pili, na juu yake kubadilishana nafasi za raundi ya kwanza. Namba yake 12 ilikuwa imestaafishwa kwa heshima ya Namath. Namath mwenyewe alimruhusu aivae, lakini Rodgers akaiacha na kuchukua 8, namba yake ya chuoni. Nilimpenda kwa hilo.

Mechi ya kwanza ilikuwa Jumatatu usiku, 11 Septemba 2023, dhidi ya Buffalo Bills. Kwa saa za Afrika Mashariki ilikuwa imeshaingia Jumanne, saa tisa na robo usiku, na wengi tuliweka kengele. Akatoka kwenye lango akikimbia na bendera ya Marekani, kwa kuwa ilikuwa kumbukumbu ya mashambulizi ya 2001, na uwanja mzima ukasimama. Mashambulizi manne. Katika la nne Leonard Floyd akamwangusha, akainuka, akatazama pembeni, akaketi tena chini. Kano ya kisigino cha kushoto ilikuwa imekatika. Jets walishinda usiku ule 22–16, lakini msimu wake ulikuwa umekwisha kabla hajakamilisha pasi hata moja.

Mwaka 2024 alirudi akiwa na miaka 40 na kuanza mechi zote 17. Tachidauni 28, kunaswa 11, yadi 3,897. Kwa macho ya karatasi si vibaya hata kidogo. Kwenye msimamo, ushindi 5 na vipigo 12. Oktoba walifungwa na Vikings jijini London, Rodgers akinaswa mara tatu, na siku mbili baadaye kocha Robert Saleh akafukuzwa. Wakamleta rafiki yake wa Green Bay, mpokeaji Davante Adams. Hakikubadilika kitu cha maana. Februari wakamwambia waachane.

Kwa Jets namchagua Favre, ingawa kwa kidogo. Msimu wake mmoja ulileta ushindi 9 na miezi mitatu ya matumaini ya kweli, kwa bei ndogo. Rodgers aligharimu miaka miwili na nafasi nyingi, na akawapa ushindi 5 katika msimu mmoja aliocheza mwenyewe. Hapa ndipo utaona takwimu safi zinavyoweza kukudanganya. Kutonaswa kwake kulikuwa na thamani kubwa Green Bay kwa sababu timu iliyomzunguka ilijua kuutumia mpira aliouhifadhi. Jets hawakujua.

Nje ya uwanja

Wapo wanaochagua mchezaji ili mtoto amwangalie, na hao nisiwafiche. Favre mwaka 1996 alikiri mwenyewe hadharani kuwa mtumwa wa dawa za maumivu na akaenda kutibiwa. Mwaka 2022 jimbo la Mississippi lilimfungulia kesi ya madai kuhusu fedha za ustawi wa jamii. Yeye anakana kosa, na hajashtakiwa kwa jinai. Septemba 2024 alilieleza Bunge la Marekani kwamba amepatikana na ugonjwa wa Parkinson. Rodgers mwaka 2021 alisema amejikinga dhidi ya Uviko wakati hakuwa amechanjwa, kisha akaugua akakosa mechi. Mengine yake mengi ni maneno ya mahojiano, na maneno hayo yamewachosha hata waliompenda Green Bay. Mimi naona bora mtoto apewe mchezo wao kwanza.

Wa kwako ni yupi

Kama unataka kujifunza futiboli ya Kimarekani inavyofanya kazi, ulinzi unasomwaje, muda unatumiwaje, kwa nini mtu hutupa mpira nje makusudi badala ya kulazimisha, mchukue Rodgers. Kila anachofanya kina sababu unayoweza kuitaja. Kama unatoka kwenye soka na unachokitafuta ni ile hali ya kusimama kwenye kiti bila kujua nini kitatokea, mchukue Favre, ila ujiandae kuumia. Na kama una mtu wa kuangalia naye, gawaneni, kila mmoja ashike wake. Ubishi wao ndio darasa bora nililowahi kupata, na haujaisha hata sasa: Septemba 2025, akiwa na jezi ya Steelers, Rodgers alimpita Favre kwa jumla ya pasi za tachidauni, akavuka zile 508 za mkubwa wake.

Kwa mpangilio, anza na Favre dhidi ya Oakland Raiders, 22 Desemba 2003. Baba yake, ambaye pia alikuwa kocha wake wa sekondari, alikuwa amefariki siku moja kabla. Alicheza, akarusha yadi 399 na tachidauni nne, 41–7. Wenzake walikuwa wakiruka kudaka mipira ambayo siku nyingine wangeiacha. Halafu nenda kwa Rodgers, Super Bowl ya Februari 2011, na usisimamishe hadi mwisho. Baada ya hapo fainali ya kanda ya Januari 2008, ile ya Webster, na pasi ya Detroit ya 2015. Ziangalie siku moja, kwa sababu zote mbili ni pasi ya mwisho ya kwotabeki katika mechi yake, na matokeo yake hayafanani.

Za mwisho ni mbili za Jets, zote dhidi ya Dolphins, zote New Jersey. Tarehe 28 Desemba 2008 Favre alinaswa mara tatu, Miami wakashinda 24–17 na kutwaa ubingwa wa kundi, na kwotabeki wao alikuwa Pennington, yule aliyeachwa ili yeye apate nafasi. Tarehe 5 Januari 2025 Rodgers alirusha tachidauni nne, mojawapo ikiwa ya 500 katika maisha yake ya ligi, wakashinda 32–20. Jets walikuwa wameshatolewa kwenye mbio za mtoano wiki kadhaa kabla.